Aliyemrudishia Muuaji Bastola

Tuliisikia fimbo ya Babu kabla hatujamwona. Iligonga changarawe, mguu mbovu ukaburuzika, ikagonga tena. Hata leo sauti kama hiyo ikinifikia barabarani, mikono yangu hutafuta ungo wa ndagala. Alasiri zile, kwetu Uvira, mimi na Mama tulichambua mchanga kwenye samaki wale wadogo waliokauka, na Mjomba, aliyekuwa akisomea ualimu, alitusomea hadithi ya gazeti la Kifaransa huku akiigeuza Kiswahili.

Ilikuwa hadithi ya Mzungu aliyeunda mashine ya kurudi katika miaka iliyopita. Alikwenda Sarajevo, mwaka wa 1914, kumzuia kijana aliyempiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria pamoja na mkewe. Kifo hicho ndicho kilicholeta vita kubwa mpaka kwenye ziwa letu.

Babu aliketi karibu na mlango, akasikiliza, kisha akauliza, "Huyo mwana wa mwami alipokufa, batu balitula majembe?" Kwetu mwami, yaani mfalme, akifa, jembe haligusi udongo.

Mjomba alicheka. "Hapana, Baba. Balikamata bunduki."

"Na siye balitubebesha masanduku."

Masanduku hayo tuliyajua. Babu na mdogo wake walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wakafungwa shingoni kwa kamba moja. Mdogo wake alipoanguka njiani, askari alimpasua kichwa kwa kitako cha bunduki, na msafara haukusimama. Babu aliburuza maiti mpaka mtu akaikata kamba. Kovu lake lilimzunguka shingo kama mkufu.

Basi akawa anakuja kila Mjomba aliposoma. Alikwisha kuona baiskeli, na hospitalini alionyeshwa picha ya mifupa yake mwenyewe. Mashine ya kurudi nyuma haikumshangaza.

"Mwambie kaka yako aulize iko wapi," alimnong'oneza Mama. "Minye siendi mbali. Mpaka pale njiani tu."

Mama alimjazia ndagala kiganjani.

Siku ya mwisho, Mzungu aliukamata mkono wa muuaji, bastola ikaanguka. Babu alisimama bila kuegemea kitu. Lakini Mjomba aliendelea kusoma: Mzungu akatazama miaka ya mbele, akaona kwamba bila vita ile Ulaya itapatwa na mabaya zaidi. Akainama, akaiokota bastola, akamrudishia kijana.

Fimbo ilimpiga Mjomba mkononi, begani, mdomoni. Damu iliruka mpaka kwenye ungo wangu.

"Weye umesema alikuwa amemshika."

"Baba, ni hadithi tu."

"Soma tena. Asimrudishie."

Mjomba alitema jino. Angeweza kudanganya, hakuna mwingine aliyejua Kifaransa. Akatazama ukurasa, akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Kwa miaka mingi niliamini mzee alichanganya hadithi na kweli. Sasa nami natunga hadithi, na najua alielewa kuliko sisi: Mzungu yule alipima dunia nzima kabla ya kuirudisha bastola, na katika mizani yake mdogo wake Babu hakuwamo.

Jioni ile sikujua hayo. Nilimwona tu Babu akiipangusa fimbo kwa shati lake, akapapasa shingo, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, kama unavyofungwa wa nyumba yenye maiti.