Bei ya Pikapu Ilipokuwa Mpya

Mwaka tulionunua pikapu, mimi nilitaka nyumba. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya watu hapo Tororo, mimi fundi cherehani. Tuliweka akiba kwa muda mrefu, tukauza na ng'ombe nilioachiwa na baba. Katika duka la magari kule Mbale walitaka shilingi elfu thelathini kwa pikapu mpya, ile nzito yenye springi nene nyuma kama za lori. Kwa pesa hiyo, wakati ule, mtu alijenga nyumba ya matofali mjini, akaezeka bati, akabakiwa na ya kununulia vitanda.

"Nyumba haitembei," mume wangu aliniambia. "Gari litatujengea nyumba. Nyumba haiwezi kutununulia gari."

Nikakubali. Akabeba saruji, pamba na karanga za wakulima wa kijiji cha Kwapa, na kwa muda tulikula vizuri.

Wanajeshi walikuwa wameshashika serikali, lakini maduka bado yalikuwa na vitu. Kisha Wahindi wakafukuzwa, rafu zikabaki tupu, na pesa ikaanza kufa mikononi mwetu. Kipande cha sabuni tulikikata kwa uzi ili tugawane na jirani. Gari jipya halikupatikana popote. Wafanyabiashara wa Malaba, kule mpakani, walikuja kumtajia mume wangu bei mara kumi ya ile tuliyolipa, naye akakataa.

Ijumaa moja, mume wangu akiwa ndiyo kwanza ametoka msikitini, ofisa wa jeshi aliingia uani kwetu na askari wawili. Alilizunguka gari, akagonga bodi kwa vidole.

"Gari hii nanunua mimi," alisema. "Wewe lilipa pesa ngapi wakati iko mpya?"

"Afande, gari siuzi."

"Mimi hapana uliza kama unauza. Nauliza bei."

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Mume wangu aliwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Elfu thelathini," alisema. "Lakini hiyo ni ya zamani, afande. Leo—"

"Mimi hapana mwizi. Bei ya duka ni bei."

Askari mmoja akaleta mfuko wa noti. Ofisa akapokea funguo, akatushika mkono mmoja mmoja, kama watu waliomaliza biashara kwa wema. Wakaondoka na gari.

Kesho yake mume wangu alikwenda kuulizia tairi. Pesa yote ile haikutosha tairi nne. Alirudi akakaa chini, palipokuwa pakiegeshwa pikapu, na hakutaka chakula.

"Naipeleka kambini," alisema mwishowe. "Nawarudishia."

"Baba watoto, watakuua."

"Pesa hii ikikaa humu ndani, basi tumeuza. Nikiirudisha, wameiba. Nataka ijulikane kwamba wameiba."

Nilimshika kanzu. Nilipiga magoti mbele yake, nikamkumbusha watoto. Akanibandua vidole taratibu, akachukua mfuko, akaenda.

Hakurudi. Nilikwenda kwenye lango la kambi, wakaniambia hakuna mtu wa jina hilo. Nikarudi tena, na safari hii askari akaelekeza bunduki tumboni mwangu. Usingizi ulinihama. Nilishona nguo nikazifumua, kwa sababu mikono haikukubali kutulia.

Kisha akaja mkulima mmoja wa Kwapa, Mkristo, aliyekuwa akisafirisha karanga zake kwa gari letu. Alisimama nje ya mlango akinong'ona.

"Mama, bwana wako iko kwangu. Nimemkuta kando ya barabara. Njoo na watoto, na usirudi hapa."

Nilifungua kichwa cha cherehani, nikakiweka kwenye beseni, nikakifunika kwa mihogo. Nyumba ya kupanga nikaiacha na vyombo vyake. Kwapa nilimkuta mume wangu amelala juu ya mkeka, mkono wa kulia umevunjwa, mbavu zimebonyea. Mke wa mkulima alikuwa akimnywesha uji wa wimbi kwa kijiko. Mfuko wa pesa askari walibaki nao kambini.

Mume wangu alipoweza kukaa, mkulima alimpakia nyuma ya baiskeli, akamfunga kiunoni mwake kwa shuka ili asianguke. Tulivuka mpaka kwa njia za mashambani, watoto wakitembea kimya bila kuambiwa, hadi Busia upande wa Kenya. Mwanamke mmoja aliniazima kona ya baraza yake na meza ya cherehani.

Mume wangu hakupona. Alikohoa damu miezi ile yote, na kabla ya mavuno mengine tukamzika hapo hapo Busia, kwa kuwa Tororo hatungeweza kumrudisha.

Mkulima alifika baada ya maziko, amecheleweshwa na askari njiani. Alikaa barazani mpaka alasiri. Aliwaona watoto wakigombania ukoko wa sufuria.

"Nipe mmoja," alisema. "Kwangu chakula iko."

Nikasema hapana. Akangoja. Jua lilipoanza kushuka nikamwita mwanangu wa pili, nikamwosha uso, nikamfungia nguo zake kwenye kitambaa. Aliuliza kama atarudi kesho. Mkulima akamkalisha kwenye kibebeo cha baiskeli, nami nikaisukuma mpaka ikashika mwendo.