Uwanja upi wa gofu ni mzuri? Helen Boke bado anajiuliza

HOMA BAY, Oktoba 1996

Saa moja asubuhi, jua limeshapanda juu ya ziwa. Mgeni wa chumba namba nne, daktari mmoja, amesimama mbele ya meza ya mapokezi, mfuko wa fimbo za gofu begani. Anauliza swali ambalo Helen Boke amekuwa akiliogopa tangu aliposikia fimbo hizo zikigongana kwenye ngazi.

"Madam, nina siku moja tu. Nicheze hapa kwenu ama niende Migori?"

Helen anamtazama mgeni. Anautazama mfuko. Anageuka kumtafuta Mellen, mpishi wa gesti hii, lakini Mellen ameshajitosa jikoni na kicheko chake kinasikika huko.

"Daktari, keti kwanza," Helen anasema. "Chai inakuja."

Chai hiyo ndiyo njia yake ya kujipa nafasi ya kufikiri. Mgeni anapokoroga sukari, Helen anamweleza uwanja mmoja, kisha mwingine, mazuri na mabaya, bila kuficha kitu. Mwishowe daktari anacheka, anasema atacheza hapa karibu na ziwa kwa sababu miguu inamuuma, na anatoka.

Helen anashusha pumzi. "Huyu amejichagulia mwenyewe. Hao ndio wageni ninaopenda."

Helen, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni Mkuria wa Isebania. Alikuja Homa Bay kwa ndoa. Mumewe, Joash, ni fundi wa injini za boti. Kwa kuwa wengi hapa ni Wajaluo, jina halisi la Helen halisikiki sana. Wote humwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Amefanya kazi mapokezi kwa miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote amekuwa akiulizwa kuhusu mchezo ambao hakuwahi kuucheza hadi mwaka huu.

"Nilipoanza kazi nilidhani gofu ni hoki ya watu waliochoka," anasema.

Wageni humuuliza kwa sababu viwanja hivi viwili ni vya umma. Havihitaji uwe mwanachama wa klabu yoyote. Unalipa kidogo langoni, unapata mtu wa kukubebea fimbo, unacheza. Kila kimoja kina mashimo tisa. Mahali pa kumalizia mpira hapana nyasi kama kwenye viwanja vya matajiri. Ni mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe, na wachezaji hupaita brauni.

Zaidi ya hapo, hakuna wawili wanaokubaliana.

Uwanja wa Homa Bay ni tambarare na upepo wake hauna adabu. Viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na nyayo zao hubaki kama mabeseni katikati ya njia. Ule wa Migori umepanda na kushuka vilima. Una mawe, una ng'ombe wa majirani, na pembezoni mwake kuna mihogo.

"Mmoja aliniambia Migori ni pabaya kwa sababu ni pagumu," Helen anasimulia, akihesabu kwa vidole. "Kesho yake mwingine akaniambia Migori ni patamu. Kwa nini? Kwa sababu ni pagumu! Sasa mimi nishike lipi? Ugumu ni dhambi ama ni sifa?"

Machi mwaka huu, kutoelewa huko nusura kumkoseshe kazi.

Walifika wageni wanne kutoka Kisii, wakiongozwa na Mzee Momanyi, mkaguzi wa shule aliyestaafu. Walimwomba awapendekezee uwanja. Kwa kuwa wageni watatu waliotangulia walikuwa wameusifu wa Migori, Helen hakusita. Aliwaelekeza huko. Wakaondoka asubuhi wakiimba.

Walirudi alasiri wakiwa na matope hadi magotini, na Mzee Momanyi ndiye aliyeingia wa kwanza.

"Mama, umetutuma shambani!" alifoka. "Mipira yangu yote imeishia kwenye mihogo! Huo ni uwanja ama ni soko la ng'ombe?"

Helen alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba msamaha wakati mwanamke wa kundi hilo, Beverlyne, alipomshika mkono juu ya meza. "Asante sana, dada. Sijafurahia mchezo hivi tangu nijue gofu."

Wale wengine wawili walikuwa wakibishana kando kwa Kikisii, lugha ambayo Helen huielewa nusunusu kwa sababu ni jirani ya Kikuria chake. Mmoja alilalamika kuhusu mto waliouvuka kwa shida. Mwingine akaapa kwamba tangu asubuhi hakuona mto wowote.

"Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa na radi," Helen anasema. "Watu wanne, gari moja, uwanja mmoja. Wamerudi na viwanja vinne."

Mzee Momanyi alipeleka malalamiko kwa mwenye gesti, Mzee Elijah Ochola, ambaye hana subira na mgeni asiyeridhika. Elijah alimwita Helen na kumpa onyo la mwisho.

"Nyar Kuria, ukimtuma mgeni pabaya tena, utafute meza nyingine ya kukalia. Kuanzia leo, kila mtu achezee hapa ziwani."

Helen alitii. Kwa miezi miwili, kila aliyeuliza alielekezwa ziwani. Walioulizia Migori aliwaambia kuna matope.

Kisha, mwishoni mwa Mei, alifika mwanamume mrefu aliyevaa gambuti. Hakutaka chumba. Alijitambulisha kuwa ni Barnabas, mtunzaji wa uwanja wa Migori, yule anayefyeka nyasi na kumwaga oili kwenye brauni.

"Nyar Kuria," alisema kwa upole, "nimekukosea nini?"

Akamweleza Helen kwamba wageni wa gesti hii ndio waliokuwa wengi uwanjani kwake, na sasa hawaji. Badala yao wamekuja watu wenye kamba za kupimia. Walizunguka siku nzima, wakapigilia vigingi, wakauliza kama kuna mtu anayetumia eneo hilo.

"Wakiona watu wanacheza, wanaogopa," Barnabas alisema. "Wakiona patupu, wanaona ploti."

Tangu hapo Helen hakuwa na raha. Akiwatuma wageni Migori, huenda akapoteza kazi. Akiwazuia, uwanja utakatwa vipande, na yeye ndiye atakayekuwa amesaidia kuukata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa akiusema vibaya uwanja ambao hakuwahi kuutia machoni.

"Joash aliniuliza, 'Wewe unasema kuna matope. Ulikanyaga?'"

Siku yake ya mapumziko ilipofika, aliomba nafasi kwenye pikapu ya samaki iliyokuwa ikienda Migori. Barnabas alimpokea, akampa fimbo mkononi kabla hata hajanywa maji.

Mara ya kwanza Helen alipiga hewa. Mara ya pili alipiga udongo. Mara ya tatu akasikia mlio mkavu, na mpira ukaruka juu kuliko alivyotarajia.

"Umeenda wapi?" aliuliza.

"Hata mimi sijui," Barnabas alikiri.

Waliutafuta hadi kwenye mihogo. Huko walimkuta mwenye mihogo, mama mmoja aitwaye Caren, akiwa na mpira huo kiganjani na mingine mitatu ndani ya leso. Huwaokotea wachezaji mipira, naye huruhusiwa kulima ukingoni. Vigingi vya wapimaji vilikuwa vimepita katikati ya shamba lake.

"Binti yangu, huo mchezo wenu sijawahi kuuelewa," Caren alimwambia. "Ninachojua ni kwamba watu wakicheza, mimi ninavuna."

Helen alizunguka mashimo yote tisa. Aliona kwamba Mzee Momanyi hakusema uongo, kwa maana mihogo imeingia kabisa njiani na ng'ombe hulala kwenye brauni ya tatu. Lakini alipofika juu ya kilima cha shimo la sita, upepo ukampiga usoni, Migori yote ikawa chini yake, na akajikuta akicheka peke yake. Akamkumbuka Beverlyne.

Alimuuliza Barnabas kuhusu mto.

"Upo," Barnabas alijibu. "Lakini inategemea mpira wako umepotelea upande gani. Anayepiga vizuri hauoni."

Helen alirudi Homa Bay jioni, na kesho yake akamkabili Mzee Elijah ofisini.

"Mzee, nitawatuma wageni Migori. Lakini nitawaambia yote. Mihogo, ng'ombe, kilima, yote."

"Na wakikasirika?"

"Watakasirika wakiwa wanajua."

"Basi ukifukuzwa, usinilaumu," Elijah akasema.

"Na ni yeye anayefukuza!" Helen anasema, akipiga makofi kwa mshangao. "Mpaka leo sijui kama alinikubalia ama alinikataza. Nilitoka, nikaendelea na kazi."

Wageni walianza kurudi Migori, si wengi, lakini wanaonekana. Wapimaji hawajarudi tangu Juni. Barnabas anaamini wameogopa wachezaji. Caren anaamini walishindwa na mvua. Helen anasema hana wa kumwamini, ila vigingi viwili vimeng'olewa na mtu asiyejulikana, na hataki kuuliza ni nani.

Jambo lililomchanganya kupita yote lilitokea Agosti. Mzee Momanyi alirudi, safari hii peke yake, na kabla hata ya kuagiza chakula akaomba apelekwe Migori.

"Nikamuuliza, 'Mzee, si ulisema ni shamba?' Akaniambia, 'Ni shamba, ndiyo. Lakini lile shimo la sita limenitukana, na siwezi kufa kabla sijalijibu.'"

Alicheza siku mbili mfululizo. Alirudi na matope yaleyale na malalamiko yaleyale, kisha akamwachia Mellen shukrani kwa supu ya samaki na kuahidi kurudi Krismasi.

Je, baada ya yote hayo, Helen anaweza kusema uwanja upi ni bora?

"Ukitaka kupumua, njoo ziwani. Ukitaka kugombana na Mungu, nenda Migori," anasema, kisha anatikisa kichwa. "Hapana, usiandike hivyo. Kuna mgeni aligombana na Mungu hapa hapa, kwa sababu ya kiboko."

Wiki iliyopita, mgeni mwingine alimletea tatizo jipya. Alidai kwamba kuna uwanja wa tatu, wa zamani, karibu na Kendu Bay, na kwamba huo ndio mzuri kuliko vyote. Helen akamuuliza Joash, akaambiwa uwanja huo umekuwa malisho tangu yeye akiwa mtoto. Akamuuliza muuza samaki anayetoka huko, akaambiwa upo na Jumapili watu hucheza. Akamuuliza Mzee Elijah, naye akasema haujawahi kuwepo.

Helen ameomba ruhusa ya siku moja mwezi ujao. Ataenda Kendu Bay na Mellen, ambaye anadai anajua njia. Ameazima fimbo moja kwa Barnabas na mipira miwili kwa Caren.

"Kama upo, nitacheza," anasema. "Kama haupo, nitarudi niwaambie watu haupo. Angalau hapo nitakuwa na jambo moja kuhusu gofu ambalo nina hakika nalo."