Usipake Tope Juu ya Tope Bichi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilibeba ndoo ya kaka yangu kwenda kuimwaga. Nikaangalia ndani, nikapiga yowe ambalo kambi nzima ya polisi ililisikia. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni.

Kaka yangu ni Ochen. Baba alikuwa askari, tukikaa Luzira, na Ochen naye alitaka kuandikishwa polisi. Mbio za kuwachuja vijana zilikuwa karibu. Basi akaokota ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, ya gari kuukuu kwenye gereji za Kisenyi, akawa anainyanyua alfajiri, mchana na jioni, hapumziki. Akiambiwa ale, anasema tumbo zito halikimbii.

Shangazi yetu alikuwa akikandika ukuta wa jiko la nyuma, akamwona.

"Wewe Ochen, kwa mikono inayotetemeka hivyo, hata kikombe utashika?"

"Misuli haiji kwa kulala, shangazi!"

"Ukuta huu niliuacha ulale, ukauke kwanza. Nikipaka tope juu ya tope bichi, lote litaanguka."

Ochen akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baada ya ile ndoo tulimkimbiza hospitalini, na daktari alisema jambo linalonishtua mpaka leo. Nyama ya mikono ilikuwa imepasuka, uchafu wake umeingia kwenye damu, sasa unaharibu figo. Figo, mwanangu! Za kijana aliyebeba chuma! Mama alikaa chini sakafuni. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kuuawa na nguvu anazozitafuta.

Alipona, bambi, maskini wa watu, kwa dripu na maombi. Mbio zilimpita akiwa kitandani. Alipoanza tena, alianza na jerikani ya maji isiyojaa, leo anabeba, kesho anapumzika, maharage na mayai hayakosi. Walipokuja tena kuandikisha, shangazi alikwenda uwanjani. Ochen alipomaliza mbio amesimama, shangazi alimsogelea. Alimpa yai la kuchemsha.

Sasa nyinyi wa leo nawaona na vyuma vyenu. Mkono haukunjuki, mnarudi kuubebesha! Sikia. Kazi huichana nyama kidogo, kidogo tu. Chakula na usingizi ndivyo vinavyoiziba, ikawa nene kuliko jana. Ongeza mzigo polepole. Ukiona mkojo mweusi, usione haya, kimbia hospitali.

Mungu aikandike mikono yako, mwanangu, aiache ikauke, isimame.