Cherehani ya Zipora Yapimwa Mahakamani

Cherehani ilikuwa juu ya meza ya karani, imefutwa vumbi ikang'aa, na hilo ndilo lililomtia Zipora wasiwasi. Mwizi gani humsafishia mtu mali yake?

Mwaka ule mitumba ilikuwa imefurika Makambako. Zipora, mjane kutoka Makete, aliishi kwa kuipunguza na kuibana iwatoshe wateja, barazani kwake mtaa wa Lyamkena, hadi jirani yake Sila alipoiba cherehani hiyo. Sasa Sila alikuwa ametiwa hatiani.

"Mama, mali yako unarudishiwa," hakimu alisema. "Una ombi lingine kabla sijatoa adhabu?"

Zipora akaikazia macho cherehani. Jana yake mke wa Sila alikuwa amemnong'oneza, "Dada, ukidai fidia, hata hiyo cherehani itabaki mahakamani." Alimshuku mwanamke yule, lakini alimshuku na hakimu pia.

"Saini hapa kwamba umeipokea," karani akamwambia.

"Sisaini nisichokipima."

Karani akacheka. "Hapa mahakamani, mama, si kwa fundi!"

"Na mimi ndiye fundi, baba."

Akatoa kitambaa, akazungusha gurudumu kwa mkono. Uzi ukajisokota chini ya kitambaa. Alipofungua kibati cha chini akakuta bobini ya kuzungushia uzi, kuukuu yenye kutu. Yake mpya ilikuwa imechomolewa. Akageuka. Kwenye benchi, mke wa Sila alikuwa akitazama sakafu, na Zipora akajua onyo lile lilikuwa la uongo.

"Mheshimiwa," Zipora akasema, "ombi ninalo. Naomba fidia."

Hakimu akashika kalamu. "Taja, mama."

"Bobini," akaanza, "na miezi mitatu niliyokaa bila kushona."