Chaki ya Mama Mkasi

Karakana ilikuwa na vyerehani kumi na viwili. Vikianza kunguruma kwa pamoja, maneno ya watu yalimfikia mshonaji wa dirishani kama mchele uliomwagika: punje zote zipo, ila akimaliza kuziokota, msemaji ameshafika mbali. Hospitali walimpima. "Mama, masikio yako mazima kama ya paka," daktari alimwambia. Akarudi na karatasi ya uzima, na shida yake ile ile.

Basi akajifunza kuitikia "ehee." Ukimwambia pasi imeunguza nguo, ehee. Ukimwambia umefiwa, ehee. Wakambandika jina, Bibi Ehee. Akichelewa kucheka, ana maringo. Akikosea kazi, wanampigia methali: "Sikio la kufa halisikii dawa!" Hiyo aliisikia vizuri. Aliizoea tangu utotoni.

Aliyemwelewa ni mkataji wa vitambaa, mama mtu mzima waliyemwita Mama Mkasi. Yeye aligonga meza kwanza, akangoja atazamwe, ndipo aseme. Kelele zikizidi, aliandika kwa chaki juu ya kipande cha kitambaa cheusi: "Mikono mifupi, sita." Na chini yake, kwa herufi ndogo, kile wanachokicheka wengine: "Msimamizi kageuza shati, mishono nje. Fundi gani huyu!" Bibi Ehee akacheka pamoja na watu, wakati ule ule na watu. Utamu wa jambo hilo aliujua yeye peke yake.

Mwishowe macho ya Mama Mkasi yakachoka, akaacha kazi. Siku ya kuaga alimwekea chaki kiganjani. "Mwanangu, waambie. Mimi siwezi kuwa sikio lako milele."

"Nitawaambia, mama."

Hakusema lini.

Jumatatu akaja mkataji mpya, mwanamume mwenye haraka, akatoa maagizo huku amempa mgongo. "Ehee" ilimfika Bibi Ehee mdomoni, akaimeza. Akatandaza kitambaa cheusi, akaandika kwa chaki: "Sauti naisikia, maneno yananipotea. Niangalie ukisema, au andika."

Mkataji akasoma, akamwinamia sikioni. "POLE DADA! KUMBE WEWE KIZIWI!"

Vyerehani vyote vikanyamaza.

"Mimi si kiziwi," alisema polepole. "Wala sina maringo."

Cherehani kimoja kikaanza kunguruma, na vingine vikafuata. Mkataji akafuta kitambaa kwa kiganja, akaandika: "Suruali, nane." Bibi Ehee akashona nane, bila kosa.

Mchana kicheko kikapasuka ghafla. Mmoja alijifuta machozi, mwingine aliegemea ukuta, na mkataji mwenyewe alishika tumbo. Bibi Ehee akatazama kitambaa. Chini ya "nane" palikuwa peusi tupu.

Safari hii hakujichekesha. Alisimama, akaenda mezani kwa mkataji, akaisukuma chaki karibu na mkono wake. Akagonga meza, akangoja.