Kiota cha Panya Ndani ya Kompyuta Yangu

Harufu ya mkojo wa panya ninaijua tangu utoto, lakini sikuwahi kuilipia fedha mpaka siku ile. Fundi niliyemleta kutoka Mwanza, kwa nauli yangu na chakula changu, alifungua skrubu za kompyuta, akavuta bati la ubavuni, akarudi hatua moja na kuziba pua. Ndani kulikuwa na pamba. Pamba yangu mwenyewe, niliyoipima kwa mizani yangu, imefinyangwa kuwa kiota, na ndani ya kiota vitoto sita vya panya, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga kama minyoo. Chini yao vyuma vimeliwa na mkojo mpaka vimeota kutu ya kijani.

"Tajiri," fundi akasema, "hii mashine ulikuwa unaiweka wapi?"

"Stoo."

"Stoo ya pamba?"

"Kwani ulitaka niiweke kanisani?"

Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, wenye vyeti walikaa wakijadiliana kama jambo hilo litawezekana. Mimi niliazima mizani, nikakodi chumba Bariadi mjini, na msimu wa tatu nikanunua lori. Faida sikuipeleka benki. Niliigeuza ng'ombe, na ng'ombe nikawatawanya kwa walishaji, Lalago, Mkula, Mwamapalala, kama wafanyavyo watu wenye akili huku kwetu, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Mlishaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, na ng'ombe wakishazaa vizuri anapewa mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, awe wake. Ng'ombe akifa, analeta ngozi ili mwenye mali aamini.

Kisha nikanunua kompyuta, iliyotumika, ya kwanza kati yetu wanunuzi wote wa mtaa ule. Nilijua kuitumia kwa kidole kimoja. Kila ng'ombe nikamwingiza humo: rangi yake, yuko kwa nani, amezaa mara ngapi. Nilipomaliza, madaftari ya zamani nikampa mama muuza karanga afungie karanga zake. Nilijiona mkubwa. Na nilikuwa mkubwa.

Sasa mlishaji wangu wa Mwamapalala alikuwa amefariki. Matanga yalikuwa yanaisha, na kesho yake ukoo ungekaa kugawana mifugo. Ng'ombe wangu walikuwa katika zizi lilelile, na kichwani sikujua ni ngapi. Tisa? Kumi na nne? Mtu asiyejua idadi ya ng'ombe wake mbele ya ukoo wa watu ama ni mwizi ama ni mjinga, nao hawapati shida kuchagua.

"Ulifanya nakala kwenye diski?" fundi akauliza.

Hapo nikapumua. Aliyeniuzia mashine alikuwa amenipa diski kumi, zile za plastiki za mraba, akaniambia nikinakili nizitunze pazuri. Nikamwonyesha ukutani. Sisi wanunuzi stakabadhi tunazitoboa na kuzitunga kwenye waya, waya unaning'inia msumarini. Karatasi haipeperuki, panya hafiki. Diski nilizitunza hivyohivyo. Nilipasha moto spoku ya baiskeli, nikazitoboa moja moja, nikazitunga.

Fundi aliushusha ule waya, akazipekua kama mtu anayechagua samaki. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Umetoboa zote?"

"Zote. Ya kwanza iko chini, ya mwisho juu."

"Mpangilio ni mzuri," akasema, akaurudisha waya msumarini.

Akajaribu ile diski kubwa ya ndani kwa mashine aliyokuja nayo. Ikalia tik, tik, kama mjusi darini, ikanyamaza. Akasema imekufa. Kisha akataka fedha ya kazi. Kazi gani? Kuniambia kwamba nimekula hasara? Nililipa, maana sipendi kudaiwa. Vile vitoto vya panya nilivimwaga uani, kuku wakavigombania. Mayai ya kuku wale sikuyala tena.

Asubuhi nikaenda Mwamapalala na lori, nimevaa koti. Njiani nilipanga nitasema kumi na nne, kwa sauti, na atakayebisha alete ushahidi. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye vigoda karibu na zizi. Mjane alikuwa chini kwenye mkeka, nywele zimenyolewa. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitika bila kuniangalia.

Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume mwenye wake wawili, akasema, "Ngosha, tunakusubiri wewe. Taja ng'ombe zako, tuzitoe, tugawane zetu."

"Zipo kwenye kompyuta," nikasema. "Kumi na nne."

"Kompyuta umekuja nayo?"

"Imeharibika."

Mzee mmoja akacheka puani. "Basi tuwasubiri ng'ombe nao waharibike."

Ndipo mjane akaanza kusema, taratibu, kama anayehesabu watoto wake wanaolala. Huyu alileta sita. Ile nyeupe ya sikio lililochanika, imezaa nne. Ile nyekundu, tatu, mmoja kafa. Ile ya madoa ilikuja na mimba. Akaenda hivyo, mama na ndama zake, nani kazaliwa wakati wa palizi, nani wakati pamba inachumwa, na kila alipotaja, mtoto wake alinyoosha fimbo zizini na ng'ombe alikuwa pale. Wakafika kumi na sita.

"Waliokufa ni wawili," akamalizia. "Ngozi zao uliletewa. Uliziuza."

Ni kweli niliziuza. Kumi na sita, na mimi nilikuja kupigania kumi na nne. Nilianza kutabasamu.

"Na mtamba wa marehemu je?" akauliza.

Hapo nikakumbuka. Marehemu mwenyewe alinijia stoo mara mbili, kofia mkononi, akaniuliza kuhusu mtamba wake. Sikumjibu kama mtu. Niligeuka nikabonyeza bonyeza, nikamwambia kompyuta haionyeshi kitu kama hicho. Na isingeonyesha, hilo sikuliingiza. Mara ya pili alisimama kidogo, akiitazama ile mashine kwa heshima, akaomba radhi kwa kunisumbua, akarudi kwake kwa miguu.

Mdomo ulinijaa harufu ile ya mkojo wa panya.

"Chagueni," nikasema.

Mtoto hakuchagua. Alimwachia mama yake, naye akaonyesha mtamba bora kuliko wote, binti wa ile nyeupe, ambaye mimi nilikuwa tayari nimemhesabu moyoni kuwa wangu. Nikasema sawa. Hakuna aliyenishukuru, na hakukuwa na cha kushukuru.

Siku hizi naandika madaftari mawili, kwa kalamu. Moja liko kwangu, jingine anakaa nalo mlishaji, na mstari wa kwanza wa kila daftari ni mtamba wake. Bati la kompyuta nililitupa jalalani. Ule waya wenye diski bado unaning'inia stoo. Watu wakiuliza ni nini, nasema ni stakabadhi za marehemu.