Nilimsingizia Zuhura Kwamba Anajaza Mtandao

Sogea karibu, wewe unayesoma, nikunong'oneze jambo. Kosa lilikuwa langu. Langu peke yangu!

Miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni moja ya kununua korosho. Nilitoka Singida, nikapangiwa Nachingwea. Tawi letu la Ruangwa liliunganishwa nasi kwa redio za kwenye minara, na kila upande kulikuwa na kifaa tunachokiita daraja. Usiogope jina hilo. Ni kijisanduku chenye taa, kazi yake kupitisha taarifa kutoka kompyuta za upande mmoja kwenda upande wa pili. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Taarifa zikizidi, zinapanga foleni.

Nilikuwa na programu ya kusimamia madaraja yale. Inauliza kifaa, "Umepitisha kiasi gani?" Kifaa kinajibu, nayo inachora mstari kwenye kioo. Mstari ukipanda, njia inajaa. Rahisi, siyo?

Msimu wa korosho ulipoanza, mstari ukapanda kidogo. Nikaingiwa wasiwasi. Badala ya kuiacha programu iulize kila baada ya dakika tano, nikaiwekea dakika moja. Mstari ukapanda zaidi. Nikaweka kila sekunde, nikaongeza na printa za Ruangwa nazo ziulizwe. Mstari ukagonga dari! Ripoti za mizigo zikakwama.

Sasa, karani wa Ruangwa alikuwa Zuhura, mchumba wangu. Washenga wangu walikuwa wameshapokelewa kwao Mnero, tukabaki kusubiri siku tu. Lakini alipenda kutumiwa picha za harusi na dada yake wa Dar, kwa barua pepe. Nikajumlisha yangu kichwani. Kwenye kikao, mbele ya meneja, nikatamka, "Anayejaza njia ni Zuhura." Jamani, mdomo huu!

Meneja akanituma Ruangwa kwa pikipiki nikaizime kompyuta yake. Yeye akabaki Nachingwea, kwenye chumba changu cha kazi, akiangalia mstari.

Nikafika na vumbi mpaka kwenye kope.

"Karibu, mume mtarajiwa," Zuhura akasema. "Umekuja kunizimia kompyuta?"

Nikachomoa waya wa kompyuta yake. Nikampigia meneja kwa simu ya mezani, nikaweka sauti kubwa ili ofisi nzima isikie ushahidi.

"Mstari umeshuka, bosi?"

"Haujashuka hata kidogo! Na hii programu yako inanichosha macho, naifunga." Nikasikia akibofya. "Ee, fundi! Taa za daraja zilikuwa zinacheza kama disko, sasa zimetulia. Na ripoti za Ruangwa hizo zinaingia!"

Yale maswali ya kila sekunde, pamoja na majibu yake, yote yalikuwa yanapita kwenye njia ileile nyembamba. Aliyeijaza nilikuwa mimi!

Mlinzi wa ofisi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Zuhura hakucheka.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Kaka, sanduku tu unalihoji kila sekunde. Mimi mke si utanihoji hata nikiwa chooni? Waambie washenga wako wapumzike."

Aliolewa Chunyu, na mwalimu. Nilialikwa. Nilikula pilau bila kuinua macho!

Wewe unayejifunza kazi hii, usikate tamaa. Kosa langu linazuilika kabisa. Njia ikijaa, usitaje jina la mtu. Funga kwanza programu yako ya kusimamia, subiri dakika chache, kisha tazama taa za daraja.